Kisu Nilichokinoa

Mpangaji wangu alikuwa mtu wa Nepali, na Mandewa nzima, mtaa wetu hapa Singida, ilimwita Mchina. Wiki mbili za mwanzo nilijaribu kuwasahihisha watu, kisha nikachoka, maana mwenyewe hakujali. Aliitwa Mchina, akaitika, akaongeza na salamu. Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchimba visima, mwenye miaka thelathini na kitu, na waajiri wake walimleta kwangu kwa sababu chumba changu cha uani kilikuwa kitupu. Ukweli ni kwamba vyumba vyote vilikuwa vitupu, isipokuwa kile nilimokuwa nalala mimi.

Niseme mapema kwamba si rahisi kukaa na mimi. Ni seremala, nimeshika randa tangu sijaota ndevu, na seremala aliyezoea kusahihisha mbao husahihisha na watu. Marehemu mke wangu alikuwa akisema siku nitakayopimwa hasira badala ya presha, mashine itapasuka. Alikuwa akisema mbele ya wageni, wageni wanacheka, na mimi nacheka kwa mbali. Alipofariki, miaka minne sasa, nyumba ilibaki bila mtu wa kunicheka. Nilipika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikala nusu, nusu nikawamwagia kuku. Kuku wangu walinenepa kuliko wa mtaa mzima.

Kwa hiyo mgeni alipokuja sikumwambia, lakini nilifurahi. Jioni alikuwa akirudi na vumbi la visima vya Ikungi mpaka kwenye kope, anaoga, anakuja kukaa barazani, tunakula. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kwa vibarua wa visima, kwa hiyo matusi aliyajua kabla ya shikamoo. Nilimfundisha shikamoo. Zaidi ya hapo hatukuulizana mambo mengi. Watu wawili wapweke wakikaa pamoja, kila mmoja hufikiri akiuliza ataonekana anapeleleza.

Kuna wakati aliondoka ghafla, akakaa kwao kama wiki mbili. Aliniambia likizo. Aliporudi nilimtania, "Likizo yote hiyo, hata zawadi ya mzee hakuna?" Akanipa pakiti ya majani ya chai. Na yeye mwenyewe alikuwa amekuja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha rangi ya chungwa, akakiweka juu ya meza ya chumbani mwake, karibu na dirisha. Kesho yake aliniomba bakuli la nafaka. Kwao hutumia mchele, alisema, lakini nafaka yoyote inafaa. Nikampa uwele, maana ndio niliokuwa nao. Akakifungua kile kitu, akakichomeka kwenye ule uwele, kikasimama wima.

Kilikuwa kisu cha mti.

Nimeona vinyago vingi vya kuuzia watalii, vingi vya ovyo, vimepakwa rangi ya viatu ili vionekane mpingo. Hiki kilikuwa kazi nyingine. Urefu wake ulitoka kiwiko mpaka kiganja, gogo moja bila gundi wala kiungo. Mti ulikuwa mzito, mwekundu kwa ndani. Nikamwambia huu ni ndugu wa mgunga wetu. Akasema ndiyo, ni mti wa miiba, na wao huupendea hiyo miiba. Juu kabisa ya mpini palikuwa na sura tatu zimepeana migongo. Moja ilikuwa imekasirika, meno nje. Ya pili ilicheka. Ya tatu ilitulia tu. Chini yake mpini ulifungwa mafundo mawili ya kuchonga, kisha kikaja kichwa cha mnyama wa majini, mdomo wa mamba na pua kama mkonga wa tembo. Ubao wa kisu, ile sehemu ya makali, ulitoka ndani ya kinywa chake, kama vile anautapika. Ubao wenyewe haukuwa bapa. Ulikuwa na pande tatu na makali matatu yanayokutana kwenye ncha, na kila upande ulikuwa na nyoka wawili wamejiviringa wakishuka.

Niligeuza kile kisu nikitafuta mahali mchongaji alipokosea. Sikupapata, na hilo likaniudhi kidogo.

"Nani kachonga?"

"Baba."

Nikasema baba yako ni fundi. Akatikisa kichwa. Ndipo akanieleza, kwa Kiswahili chake cha visimani, kwamba katika Ubudha wao, lile tawi la siri wanaloliita tantra, kisu hiki kinaitwa phurba, na si cha kuchomea mtu wala mnyama. Makali matatu ni kwa ajili ya sumu tatu zinazomwua binadamu: ujinga, tamaa na chuki. Mnyama wa majini anameza yote hayo na kuyatoa yakiwa nguvu. Nyoka ni akili iliyoamka. Zile sura tatu ni mungu mmoja, maana huruma wakati mwingine hutulia, wakati mwingine hucheka, na wakati mwingine hukunja uso. Hilo la mwisho nililipenda. Nimekunja uso miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni huruma.

Majirani walikiona dirishani, na haikupita siku. Mama muuza vitumbua, jirani wa mkono wa kushoto, alinisimamisha kwenye bomba.

"Baba, huyo mpangaji wako ni mganga?"

"Angekuwa mganga," nikamwambia, "ningemwomba aanze na mdomo wako."

Hakunisalimia mwezi mzima. Hivyo ndivyo nilivyo.

Lakini ile sumu ya tatu, chuki, ilinikaa kichwani. Nina binti mmoja tu. Ameolewa Ulemo, kule Iramba, kwa watu wema wanaolima alizeti. Mama yake alipolazwa, yeye hakuwahi. Alifika siku ya mazishi, turubai limeshafungwa, wanawake wamejaa kwenye mikeka. Alishuka kwenye bodaboda na mtoto mgongoni, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimekaa na wanaume, akapiga magoti kunisalimia. Nami nilisimama nikasema, kwa sauti, mbele ya watu wote, "Huyu amekuja kuzika. Hakuja kuuguza."

Alikaa matanga siku tatu, akipika na kuosha vyombo vya watu, kisha akafunga mzigo akaondoka. Tangu hapo tulizungumza kwa kupitia midomo ya watu. Mtoto wake ameanza shule. Niliambiwa na mpwa wangu. Amejifungua wa pili. Niliambiwa na mwuza vitunguu anayetoka huko. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuwa najiambia, kana kwamba ndoo ilijimwaga yenyewe.

Msimu wa upepo ulipofika, mgeni alikwenda kukaa kwenye kisima kimoja siku nne. Upepo wa Singida hauombi ruhusa. Siku ya pili dirisha lake lilianza kujipigapiga, nikaingia kulifunga. Kisu kilikuwa pale, kimesimama kwenye uwele wake. Nikakichomoa. Nikapitisha kidole gumba kwenye makali yake. Yalikuwa butu kabisa, mviringo kama ukingo wa kijiko.

Fundi mwingine angekirudisha. Mimi nilianza kufikiri. Kama kazi ya kisu hiki ni kupigana na maadui watatu, kwa nini kipelekwe vitani kikiwa butu hivi? Nikahitimisha kwamba yule mzee wa Nepali alikuwa mchongaji hodari asiyejua kunoa, jambo ambalo nimeliona kwa mafundi wengi. Na moyoni nilikuwa nataka kumfanyia yule kijana kitu. Alikuwa amekaa kwangu karibu mwaka, na mimi sijui kusema asante kwa mdomo.

Nikakipeleka karakanani. Nilitumia tupa ndogo, kisha patasi, kisha msasa mzito na mwepesi, mwisho nikakisugua na mafuta ya alizeti. Nilifanya kazi siku mbili na sijafanya kazi kwa furaha hivyo tangu mke wangu afariki. Nyoka walikuwa karibu mno na kingo, kwa hiyo baadhi ya vichwa vyao vililiwa na tupa, lakini nilijiambia nyoka ni pambo tu. Nilipomaliza, makali yote matatu yalichana gazeti. Nikakirudisha kwenye uwele.

Mgeni alirudi, akaoga, akaingia chumbani. Nilikaa barazani nikisubiri anishukuru. Alikawia. Alipotoka alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyoshika kifaranga kilichokanyagwa. Akakaa.

"Mzee, umekinoa wewe?"

"Kilikuwa butu," nikasema. "Sasa kinakata."

Nilisubiri akasirike. Ningejua cha kufanya na mtu aliyekasirika. Badala yake akaniambia polepole, akitafuta maneno, kwamba kisu hiki hakikusudiwi kukata. Zamani sana, kabla hakijawa kitu cha dini, kilikuwa kigingi tu, cha kufungia mnyama na kukazia hema. Ndiyo sababu hukizungusha kati ya viganja na kukichomeka kwenye nafaka au kwenye udongo. Kazi yake ni kubana. "Chuki ukiikata," alisema, "inakuwa mbili. Hii inaishika pale pale ilipo, isitembee, mpaka uione vizuri. Na unaanza na ya kwako."

Nilimwelewa mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Nimekulia kwenye nyumba ya kuwamba ngozi. Ng'ombe akichinjwa, baba yangu alituchongesha vigingi, tukaitandaza ngozi chini na kuibana pembeni yote, kigingi baada ya kigingi, hatua moja moja. Vile vigingi vilikuwa butu. Kikiwa kikali kinachana ngozi, na ngozi iliyochanika haina kazi. Mtoto wa miaka saba wa Kinyaturu alijua hivyo. Mimi mtu mzima wa miaka sitini na sita nimeshika kigingi mkononi nikakigeuza kisu.

"Baba yako atachonga kingine," nikasema. Lilikuwa jambo la kijinga, lakini ndilo lililonijia.

"Baba alifariki. Ile safari niliyokwenda haikuwa likizo." Akakilaza kisu mapajani. "Niliambiwa nikiwa kisimani. Ndege, mabasi, halafu kutembea. Nilifika siku ya tano. Walikuwa wameshamchoma, maana kwetu maiti huchomwa."

Nikamwuliza watu wa kwao walimwambia nini alipofika. Nilitaka kujua, Mungu anisamehe, kama yupo baba mdogo au kaka aliyesimama na kusema neno.

"Hakuna," akasema. "Mama alinipa chai. Akasema umechoka na njia."

Aliingia ndani akakirudisha kisu kwenye bakuli, akatoka, tukala. Alikula kama kawaida, hata aliniomba chumvi. Wiki chache baadaye kazi yao iliisha, akaondoka na kisu chake hivyo hivyo, kimenolewa. Aliniaga kwa shikamoo safi kabisa. Nilirudi ndani nikapika ugali wa watu wawili.

Sasa niandike ninachokijua mimi na binti yangu tu, au ndivyo nilivyodhani. Mama yake alipolazwa, binti alinipigia simu asubuhi. Alikuwa tayari amefunga mtoto mgongoni, yuko barabarani anasubiri basi. Mimi nilimwambia arudi. Nilimwambia ni presha ya kawaida, mama yako kesho kutwa yuko nyumbani, usisumbue watu wa mumeo wakati wa mavuno. Alibisha, nikafoka, akarudi. Siku ya tatu mama yake akafa. Ndipo nikasimama mbele ya watu nikasema hakuja kuuguza. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu alikuwa amepiga magoti mbele yangu.

Nilipanda basi la Kiomboi, linalopita Ulemo, siku ya Jumamosi. Sikuwa nimeaga wala kutoa taarifa, kwa sababu niliogopa akisikia ataondoka. Nilimkuta anapepeta alizeti uani. Aliniona, akaweka ungo chini, akafuta mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamsemesha Kinyaturu. Akanijibu Kiswahili, kama mtu anavyomjibu mgeni wa serikali. Alinipa kiti, maji, kisha wali na kuku, na wajukuu wakaletwa kunisalimia. Yule mdogo alijificha nyuma ya mama yake. Sikuwa mtu anayemjua. Mume wake na wakwe zake walikuja wakakaa. Nikaona hapa ndipo. Nikasimama mbele yao nikasema yote: kwamba nilimwambia asije, kwamba nilichosema msibani kilikuwa uongo, kwamba naomba msamaha. Mkwe wangu mzee aliangalia chini. Mkewe akasema, "Haya, baba, yamekwisha."

Binti yangu alisubiri mpaka aliponisindikiza kituoni.

"Baba, hawa watu wa hapa hawakusikia ulivyosema," aliniambia. "Hawajawahi kunidhania vibaya. Ulisema Mandewa, mbele ya watu wa Mandewa. Mimi siwezi kupita mtaa ule nikijua kila mlango unasema yule ndiye aliyemtupa mama yake."

"Unataka nifanyeje?"

"Wewe ndiye unayejua nyumba zao."

Basi likaja. Njia nzima nilikuwa nimemkasirikia, halafu nikajikasirikia, na tulipofika Singida nilikuwa nimechoka kukasirika. Kwetu neno la msibani hulifuti ukiwa mbali. Unalifuata ulikoliacha. Alikuwa na haki, na alijifunza haki hiyo kwa mama yake, si kwangu.

Nilianza Jumatatu. Hakuna mtu anayeweza kukueleza aibu ya mzee kupiga hodi nyumba moja baada ya nyingine, akikaribishwa kiti, akiulizwa habari za mifugo, kisha aseme, "Mnakumbuka siku ya mazishi nilimsema binti yangu? Nilisema uongo. Mimi ndiye niliyemzuia." Nilianza na mama wa vitumbua, kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. Alinisikiliza, akaniangalia kwa mshangao.

"Ulisema hivyo? Mimi nilikuwa jikoni nakaanga maandazi ya matanga. Sikusikia."

Nyumba ya pili hawakusikia. Nyumba ya tatu mwenye nyumba alisikia lakini alidhani nilikuwa namsema shemeji yangu. Nyumba ya nne walikuwa wanalia, na anayelia hasikii. Nilizunguka siku tatu. Wengi walikuwa wamesahau au hawakuwahi kujua, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia kwa mara ya kwanza, tena na la kwangu juu yake. Wengine walinipa pole. Wengine, nilipoinuka, niliwasikia wakianza kunong'ona kabla sijafika kwenye geti, na safari hii walikuwa wakinong'ona juu yangu mimi. Nilitembea nikiwaza kwamba neno lililomfukuza mwanangu miaka minne halikuwa limekaa mahali popote isipokuwa kwake.

Nyumba ya mwisho, karibu na barabara ya lami, ni ya bibi mmoja Mwislamu aliyekuwa rafiki wa mke wangu. Ndiye aliyekaa naye wodini, maana wanaume tulikuwa tunatolewa saa za kuona wagonjwa zikiisha. Alinikaribisha kwenye mkeka. Nikamwambia maneno yangu, ambayo sasa yalikuwa yanatoka bila kukwama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilisikia," akasema. "Na ile simu pia niliisikia. Ulisimama mlangoni mwa wodi, ukadhani mgonjwa amelala."

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuijua, kama mke wangu alikuwa macho.

"Alikuwa macho. Ulipotoka kwenda kutafuta dawa aliniambia, 'Amemzuia.' Tangu hapo kila mlango ulipofunguliwa aliniuliza, 'Ni mwanangu?' Mpaka asubuhi ile ya mwisho. Namwambia bado, lala kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na ningekuambia ungenifokea."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikaa kwenye kitanda bila kuvua viatu. Sijui nilikaa muda gani. Nilijua lazima nimpigie binti kumwambia nimemaliza nyumba, na nilijua naweza kumpa hesabu ya milango na kuliacha hili la mwisho bila kusema. Hakuna aliyekuwa ananilazimisha. Bibi yule asingesema. Alikuwa amenyamaza miaka minne. Binti yangu ndiyo kwanza alikuwa amenipa mlango wa kupitia, na nikimwambia hili ataufunga, na atakuwa na haki.

Nikapiga. Akapokea, "Shikamoo, baba." Nikamwambia nimepita nyumba zote. Akaniuliza walisemaje, nikamweleza, mmoja mmoja. Kisha nikamweleza la bibi: simu mlangoni, mama yake yuko macho, na mlango kila ulipofunguliwa. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kuacha.

Nilisikia kuku wa uani kwake. Nilisubiri anitukane, anikate, anifanyie lolote. Kisha nikasikia analia, na alipoweza kusema alisema kwa Kinyaturu, lugha aliyokuwa akizungumza na mama yake.

"Miaka yote hii, baba," alisema, "nilidhani mama hakuniulizia."